Bihogo Hakuuzwa

Sogeeni, wanangu, na wewe Sostenes zima hiyo redio. Sauti ya kushindana nayo sina tena.

Shamba la Kibimba mgawane watatu, upande wa migomba awe nao Clever kwa kuwa ndiye anayeulima, na asiyeshika jembe asiote mavuno. Hilo limekwisha. Linalonikaba koo ni ng'ombe wangu Bihogo.

Yule kijana alikuja na koti jeupe na hereni za kutambulishia ng'ombe mkononi, akachuchumaa kuniamkia shikamoo, akauliza mguu wangu unaendeleaje, jambo ambalo nyinyi hulikumbuka Krismasi, kisha akasema kuna mradi unaowabadilishia wazee ng'ombe wa kienyeji kwa wa maziwa. Nikamfungulia zizi mwenyewe. Bihogo akapakiwa kwenye lori, likaelekea Nyakanazi, ndama akabaki analia, na huyo wa maziwa sijamwona hadi leo. Nanyi mkafanya nini? Mkakaa kikao! Mkawaambia majirani mama ameuza ng'ombe apate matibabu, na wewe Anneth ukaninong'oneza, "Mama, tunakusitiri." Mlinisitiri mimi, au mlijisitiri nyinyi, wasomi wangu?

Mwezi uliofuata kijana yuleyule, na koti lilelile, akamwendea jirani yetu Genoveva, naye akafungua zizi, maana nani alikuwa amemwonya? Sasa amejifungia ndani, hata kwenye sala za jumuiya haji, anadhani kijiji kizima mjinga ni yeye peke yake. Mficha maradhi kilio humfichua. Basi kilio changu kifichue haya.

Mkisoma wasifu wangu kaburini, msiseme nilikuwa mcheshi na mcha Mungu. Kila maiti ni mcheshi. Semeni Verediana alitapeliwa, mtaje koti, hereni na lori, wazee wote wasikie kabla udongo haujarudishwa. Halafu Clever akatoe taarifa polisi kwa jina langu, hata kama mwenye jina amelala.

Na ndama wa Bihogo... ndiyo, Sostenes, huyohuyo uliyekwisha kumpigia hesabu ya mahari ya mwanao... apelekwe kwa Genoveva. Msiseme ni msaada. Semeni ametoka kwa mjinga mwenzake.

Maji, Anneth... Inatosha. Mungu awakuze, awape uzee wenye watu wa kuusikiliza.

Genoveva akikataa kufungua mlango... msigombane naye. Mfungeni ndama hapo uani, muondoke. Ndama hajui aibu... akitaka majani atalia... mpaka mtu atoke.