Vidole vya Babu Yake Fundi Saa

Benchi letu liko nje ya kibanda cha Fundi Saa, mkabala na posta. Hukaa hapo Kinyozi, anayejua habari kabla hazijatokea. Breki, dereva wa lori asiye na haraka hata na maneno. Na mimi, msikilizaji. Jumamosi ile asubuhi birika la kahawa lilikuwa katikati yetu Fundi alipotoka posta na bahasha ya kaki. Miezi minane alikuwa akiandika barua kuomba karatasi ya babu yake ya kuachishwa jeshi baada ya vita. Sasa alikuwa nayo, na uso umempauka.

— Vipi, babu alikuwa jenerali? Kinyozi akamuuliza.

— Sikilizeni. “Alama za mwilini: vidole viwili vya mkono wa kushoto vimekatika vitani.”

Tukatazamana. Babu huyo sote tulimfahamu. Ndiye aliyemfundisha Fundi kazi, papa hapa, na skrubu ndogo kama chawa alikuwa akizishika kwa mkono wa kushoto. Vidole vyote vitano.

— Karani huyo, akasema Kinyozi. Siku nzima anaandika watu wa foleni, mbele yako kilema, nyuma yako mzima. Kalamu imeteleza.

— Jina lake, la baba yake, kijiji, vyote sawasawa.

— Basi daktari wa jeshi alimshonea vingine, akasema Breki.

— Vya nani?

— Vya marehemu. Unadhani kwa nini yule mzee alikuwa haongei? Vidole vya mtu vina mambo yao, bwana.

— Breki, acha masihara! Hapa wameandika urefu futi sita. Babu alikuwa ananifika begani.

Hapo hata Breki akatua kikombe. Kinyozi akashusha sauti.

— Walikuwa wawili. Mmoja alitoka jeshini na karatasi. Mwingine akafika nayo nyumbani.

— Na mke asimjue mumewe? nikauliza.

— Miaka sita, ndugu yangu! Vita, njaa, ndevu…

— Bibi alijua, akasema Fundi.

Alisema polepole, kama mtu anayesikia maneno yake mwenyewe kwa mara ya kwanza.

— Hakuwahi kumwita kwa jina. “Mgeni, njoo ule.” “Mgeni, mwanao analia.” Mpaka siku anakata roho. Sisi tulidhani ni utani wa mapenzi.

Akaingia kibandani, akatoka na hati ya kiwanja ambayo babu aliitia dole gumba. Akailaza kando ya ile karatasi ya jeshi, yenye dole gumba pia. Akabana lenzi yake jichoni, akainama. Alitazama huku, akatazama kule, akarudi huku. Barabara nzima ilikuwa na kelele, lakini mimi nilisikia saa zake tu, kila moja na mwendo wake.

— Hii mistari inazunguka kama konokono, akasema hatimaye. Hii inapanda kama kilima. Si mtu mmoja.

— Samahanini, kaka zangu.

Tulishtuka. Mama mmoja alikuwa amesimama nyuma yetu, kafuata saa yake ya ukutani. Hatukujua alifika saa ngapi.

— Aliyekuja nyumbani mmeshamjua kuwa siye. Sasa yule mwenye karatasi, aliyeachishwa jeshi akiwa hai, yeye alikwenda wapi?

Breki akatazama barabara, upande ule magari yanakotokea. Fundi aliifunga saa ya mama kwa gazeti, akakosea, akaifunga upya. Mama akashukuru, akaenda zake.

— Baba yuko kitandani ananisubiri, Fundi akasema. Nimemwahidi leo nitamsomea habari za baba yake.

Akasimama, akatia bahasha mfukoni, akafunga kibanda. Kisha akaketi tena.