Marehemu Drahuše Zemánková, Fundi wa Springi za Bastola za Mashindano

Ndugu waombolezaji, majirani wa Nivnice, nanyi wanaklabu wa shabaha mliosimama huko nyuma na kofia mikononi, familia imenituma niwasomee maisha ya shangazi yetu kabla hatujamkabidhi kwa udongo.

Marehemu Drahuše alizaliwa tarehe 14 Machi 1953 hapa Nivnice, akiwa kitindamimba wa mzee Metoděj Kachlík na mkewe Rozálie, akasoma shule ya msingi hapa hapa kijijini, kisha shule ya ufundi Uherský Brod hadi mwaka 1971, na mwaka huo huo akaajiriwa katika kiwanda cha silaha mjini, akiunganisha bastola, kazi aliyoifanya mpaka alipostaafu mwaka 2010.

Tarehe 6 Septemba 1980 alifunga ndoa na Bořivoj Zemánek, dereva wa treni, mtu wa vicheko na nyimbo, wakaishi kwa kupendana ingawa hawakujaliwa mtoto, hadi Mei 1997 moyo wa Bořivoj uliposimama ghafla, na nyumba ikawa kimya kiasi kwamba shangazi alianza kwenda uwanja wa shabaha kule machimboni, kwa maneno yake mwenyewe, "Huko angalau kuna kelele."

Ndiko alikojulikana kwa springi, ile inayorudisha mbele chuma cha juu cha bastola kila baada ya risasi, kwani ikiwa ngumu mno mdomo wa bastola huinama, ikiwa laini mno chuma hugonga nyuma na mkono ukarushwa juu, naye alikuwa akikata nusu duara la waya, anapiga risasi chache, anatazama maganda yanaangukia wapi, anakata tena kidogo, mpaka alama ya kulengea irudi pale pale ilipokuwa bila yeye kuilazimisha. Mshindani wake wa miaka yote, Bwana Radovan Štěpnička, alikuwa akimtania mbele za watu, "Mama Springi, hiyo ni bastola au godoro?" naye humjibu bila kugeuka, "Godoro utalilalia wewe matokeo yakitoka," na mara nyingi ikawa hivyo.

Mwaka 2011 baridi yabisi ilimshika vidole, akashindwa kukivuta nyuma chuma cha juu cha bastola yake, akaweka springi laini zaidi, na ili chuma kisigonge akapunguza baruti katika risasi alizojijazia mwenyewe, mwaka hadi mwaka, mpaka kwenye mashindano ya Juni 2015 karibu na Brno risasi zake zilipopimwa zikaonekana dhaifu kuliko kanuni inavyoruhusu. Mwamuzi, kijana mwenye adabu, alimwambia, "Mama, unaweza kuendelea, ila alama zako hazitahesabiwa," naye akamjibu, "Nimekuja kupiga, mwanangu, hesabu ni kazi yenu," akapiga katika vituo vyote vya mashindano hadi cha mwisho bila kukosa hata shabaha moja, kisha akafunga mkoba, akapanda basi peke yake, wala hakushindana tena.

Miezi mitatu hakuna aliyebisha hodi kwake, hata sisi jamaa zake, na tunalisema hili tukiwa na huzuni, ndipo Alhamisi moja Bwana Štěpnička alipofika na bastola inayokwama, shangazi akaifungua, akakuta springi ngumu isiyofaa kabisa, akaibadilisha, wakanywa pombe ya plamu, mgeni akaaga, na Alhamisi iliyofuata akarudi, bastola imekwama tena. Ikaendelea hivyo miaka, hata mpwa wake Svatava alipomuuliza, "Shangazi, mtu bingwa kama yule, kila wiki anakosea springi?" alicheka akasema, "Anaiharibu makusudi, nami namtengenezea makusudi. Usije ukamwambia, atakosa sababu ya kuja."

Mwaka 2021 Bwana Štěpnička alipatwa na kiharusi, mwanawe akamchukua kuishi naye Ostrava, na shangazi akabaki na ukimya wake ule wa zamani, tukimpigia simu anasema yuko salama, mpaka moyo ulipoanza kumsumbua mwaka jana, akalazwa mara mbili, akaomba kurudi nyumbani, na huko, mchana wa Jumanne tarehe 11 Februari 2025, alifariki akiwa kitini, peke yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, jirani Bi. Apolena Hrdá aliyeona moshi hautoki kwenye bomba la nyumba yake akaenda kumtazama, wenzake wa kiwandani, na klabu ya shabaha kwa jeneza walilolibeba. Tunamshukuru pia Bwana Štěpnička, aliyeletwa na mwanawe tangu alfajiri, na kwa kuwa ulimi wake ni mzito siku hizi ametuandikia ombi moja tu, kwamba sisi tukienda kula, kiti chake cha magurudumu kiachwe hapa kaburini, asihimizwe.

Shangazi Drahuše, vidole vyako havitauma tena, pumzika kwa amani, mgeni wako amefika.