Siku Arobaini na Mbili za Chumba cha Nyuma

Ndugu, jamaa na marafiki mliokuja kutufariji, familia imemwomba mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa nyumba yao, asome maisha ya dada yake, naye amekubali kwa sharti moja, kwamba asome yote, pamoja na lile ambalo wengi wenu hamlijui.

Marehemu alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 9 Machi 1961, akiwa mtoto wa pili kati ya watano wa seremala na mshona nguo, na amefariki siku ya Alhamisi vilevile, jambo ambalo yeye mwenyewe asingelipa uzito wowote. Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1968 hadi Novemba 1974, akaishia hapo, si kwa kukosa akili bali kwa sababu cherehani ya mama ilihitaji mikono miwili zaidi, na waliosoma naye wanakumbuka mwandiko mzuri na ulimi mkali.

Tarehe 6 Februari 1984 aliajiriwa kuwa mfanyausafi katika kliniki ya meno, ambako chumba cha kungojea kilikuwa na tangi la samaki wa maji chumvi, lita mia nne, lililowekwa ili wagonjwa wasahau kilichowapeleka pale. Samaki wapya walitiwa humo siku hiyohiyo waliyofika, wengi wakafa kabla ya mwezi kuisha, na ni yeye, akiwa ameegemea mti wa deki, aliyegundua kwamba samaki mgonjwa kwanza hujikuna kwenye mawe, kisha husuasua kwenye chakula, kisha matamvua yake ya kupumulia huenda mbio, na vile vidoa vyeupe mfano wa chembe za chumvi huja mwishoni, wakati mwenye macho amekwishajua. Aliomba chumba cha nyuma kilichokuwa cha ndoo na matambara, akaweka humo tangi dogo, na kuanzia mwaka 1985 hakuna samaki mgeni aliyepita mbele kabla ya siku arobaini na mbili, awe na dalili au asiwe nazo, wenye vidoa wakitiliwa dawa ya shaba iliyopimwa kila asubuhi, na neti ya chumba hicho haikuvuka mlango. Ndipo walipomwita Bibi Karantini.

Tarehe 20 Desemba 1986 alifunga ndoa na fundi vioo aliyeitwa kuziba ufa wa tangi kubwa, akarudi mara nne kukagua ufa ambao kila mtu alijua hauvuji tena, na ambaye mpaka leo hudai kwamba naye aliwekwa chumba cha nyuma karibu miaka miwili kabla ya kukubaliwa. Walijaliwa watoto wawili, binti mwaka 1988 na mtoto wa kiume tarehe 2 Mei 1993.

Marehemu alipokuwa likizo ya uzazi huo wa pili, kazi yake ilishikwa na mdogo wake, huyu anayewasomea, akiwa na miaka ishirini na miwili na haraka ya kuonekana anaweza. Tarehe 10 Mei aliletwa samaki wa manjano mwenye vidoa, akatiliwa dawa, na siku ya sita vidoa vikaisha, ngozi ikatakata, na tarehe 17 mdogo mtu akamhamishia tangi kubwa, akiamini amepona. Kutakata kule hakukuwa kupona, ni vidudu vilivyokuwa vimedondoka kwenda kuzaliana, vingine vikibaki ndani ya matamvua vilimojificha, na kufikia tarehe 4 Juni samaki kumi na tisa kati ya ishirini na mmoja walikuwa wamekufa.

Marehemu alimwambia daktari mwenye kliniki kwamba yeye ndiye aliyeagiza kutoka nyumbani samaki ahamishwe. Alipewa barua ya onyo, akanyang'anywa ufunguo wa chumba cha nyuma, na kwa miezi kumi na minne akapiga deki kuzunguka tangi asiloruhusiwa kuligusa, mpaka waliokuja badala yake waliposhindwa akarudishiwa. Daktari, uliyeketi hapo mbele, unalisikia hili leo kwa mara ya kwanza. Dada yangu hakuagiza kitu. Ni mimi, nilinyamaza miaka ishirini na sita, naomba radhi.

Tarehe 14 Januari 2019 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya damu. Kufikia Juni vipimo vilikuwa vizuri, nywele zimeanza kuota, na mdogo wake, kwa furaha, akamsihi aachane na dawa zilizobaki, kwa kuwa zilimtapisha na ugonjwa hauonekani. Marehemu alimtazama, akasema, "Mdogo wangu, yule wa manjano naye alitakata hivihivi." Ndiyo mara pekee aliyolitaja jambo lile. Alimaliza dawa zote kwa ratiba, na ugonjwa ulirudi hata hivyo tarehe 19 Agosti, akafariki tarehe 3 Oktoba 2019, saa mbili na dakika kumi asubuhi, mume wake akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi, ambao aliwahesabia pumzi za wagonjwa wenzake bila kuombwa, majirani waliopika na kufua kwa miezi tisa, na wafanyakazi wenzake wa kliniki.

Dada, yule mgeni aliyeletwa tarehe 16 Septemba, uliyekuwa ukimuulizia kila jioni kutoka kitandani, leo ana siku ya ishirini. Vidoa vimeisha, anakula, na wagonjwa wawili waliomchungulia mlangoni wameshauliza mbona samaki mzuri hivyo hawekwi mbele. Ufunguo ninao mimi, na hatoki mpaka tarehe 27 Oktoba.

Pumzika kwa amani.