Siku Tatu za Maji: Kwaheri kwa Bi. Niida Kinue

Baada ya miaka thelathini na minane ya kuosha, kukausha na kusaga mwani, Bi. Niida Kinue, fundi mkuu wa maabara yetu hapa Minamikayabe, anastaafu tarehe 31 Machi.

Alipoajiriwa, wavuvi bado walikuwa wakiutupa gagome, mwani wenye mikunjo na ute mwingi, kama takataka. Yeye ndiye aliyetufundisha kuutoa ute huo bila kuuharibu. Kiangazi, kila bendera ya ushirika wa wavuvi ilipopandishwa kuruhusu uvunaji, alianika mwani na mumewe tangu alfajiri, kisha akaingia kazini na chumvi kwenye nyusi. Hakuwahi kuchelewa. Sisi tunaoishi ng'ambo ya barabara na bado tunachelewa, tunyamaze.

Atakumbukwa zaidi kwa majira ya baridi ya miaka tisa iliyopita. Katika vipimo vya maabara, ute wetu ulikuwa umezima virusi vya mafua makali, havikubaki hata kimoja. Profesa Ebisawa, mkuu wa maabara, aliandaa tangazo la ugunduzi huo. Ushirika, ambao mwenyekiti wake ni Bwana Niida mwenyewe, ulishanunua kamba mpya za kupandia gagome. Kwa haraka ile, ute uliloweshwa majini kuusafisha siku moja badala ya tatu. Aliyefupisha siku hizo ni mimi ninayeandika haya.

Bila kuambiwa, Bi. Niida alilowesha fungu lake siku tatu, akabadilisha maji, akapima. Virusi vikaendelea kuzaana. Kilichoviua mwanzoni ni madini joto yaliyobaki kwenye ute, nayo yaliziumiza pia seli tulizopimia.

"Mumeo anasubiri tangazo hili kuliko sisi sote," Profesa alimwambia.

"Najua, Mwalimu. Nimekunywa naye supu asubuhi. Lakini bendera bado haijapandishwa."

"Sasa utamwambia nini?"

"Nitamwambia aoshe vyombo kwanza."

Tangazo likafutwa. Msimu mzima baadhi ya majirani waliotarajia kuuza gagome hawakumsalimia, naye hakutusimulia. Tulisikia kwa wengine. Miaka minne baadaye tulipata ute safi unaozuia virusi kujishikiza kwenye seli. Hauvizuii vyote, ni kama nusu tu. Nusu hiyo ni ya kweli.

Juu ya sinki kuna kikaratasi chenye mwandiko wake: "Siku tatu." Hakuna atakayekibandua.

Bi. Niida, asante kwa kutuzuia. Kiangazi hiki usikimbilie kazini. Baki ufukweni na Bwana Niida mpaka mwani ukauke. Afya njema iwe nawe. Bendera imepandishwa.