Kijiko cha Lamyai

PHIKUN: Haloo! Nani tena, kuku wenyewe hawajashuka—
LAMYAI: Kijiko, Phikun! Mbele ya mtaa mzima!
PHIKUN: Lamyai? Shoga, ukuta wetu mmoja, simu ya nini?
LAMYAI: Uso wako sitaki kuuona! Watu wote mnamega wali wa kunata kwa mkono, kikapu kimoja, kama tulivyolelewa. Mimi unanitengea sahani na kijiko, kama mgeni wa kutoka Bangkok!
PHIKUN: Siku ile mwanangu ananyolewa kuwa mtawa, nina shughuli mia—
LAMYAI: Kijiko ulikikumbuka.
[Mtandao unakwaruza.]
PHIKUN: Nilisikia daktari kakukataza vya moto. Eti gumba jipya halina hisia, utaungua usijijue.
LAMYAI: Uongo huo umeupika lini?
PHIKUN: Si uongo! Ni... nusu.
LAMYAI: Na nusu ya pili?
PHIKUN: Haya. Mashine ya miwa ilipokula gumba lako, nililia kumshinda mumeo. Lakini wakukate kidole cha mguu, wakupachike mkononi... Lamyai, mguu ni mguu! Kumnyooshea mtu tu ni tusi, wewe unautia kwenye chakula!
LAMYAI: Daktari kakiosha, kakishona mshipa kwa mshipa. Ulimi wako nani kauosha?
PHIKUN: [anacheka] Mshenzi wewe!
LAMYAI: Usicheke, nimenuna.
PHIKUN: Nuna basi. Ndilo ulilopigia?
LAMYAI: ...Hapana.
PHIKUN: Sema, salio lako nalijua—
LAMYAI: Nimefunua wali sasa hivi, nikamega. Umenichoma.
PHIKUN: Wali wa jikoni unachoma, habari gani hiyo?
LAMYAI: Umenichoma gumbani, Phikun.
PHIKUN: Lile? Miezi yote lilikuwa gogo!
LAMYAI: Lile lile! Nimepiga yowe! Nikageukia ukutani nikuite, nikakumbuka hatusemeshani.
PHIKUN: Unalia?
LAMYAI: Pilipili.
PHIKUN: Pilipili gani alfajiri... Lamyai, sikia. Na mimi kikapu cha wali ndio nakishusha motoni. Papai bichi la kachumbari lipo, halijatwangwa. Nikitwanga mimi hata mbwa anasusa. Pita uani.
LAMYAI: Na mkono huu?
PHIKUN: Kwani una mwingine?
LAMYAI: Sitaki sahani ya peke yangu.
PHIKUN: Sahani nani kataja? Utamega wewe kwanza, nami nifuate palepale. Njoo, bwana, wali unapo—
[Simu inakatika.]