Siku Arobaini na Nne za Tarehe 30 Desemba

Mama Aikande anastaafu kesho, tarehe 31 Desemba 2004, baada ya kuitumikia ofisi yetu ya uandikishaji wa wakimbizi hapa Kibirizi, Kigoma, kwa miaka thelathini na miwili, miezi minne, na siku kadhaa ambazo kompyuta na kalenda hazikukubaliana ni ngapi. Hilo la siku tutalifikia. Kwanza tumsifu, maana ndivyo shughuli inavyotaka, na mkuu wetu Bwana Rodgers ameniagiza mimi, mhudumu wa ofisi, nimsifu bila kumsema. Nimejaribu.

Alifika Agosti 1972 kutoka Upareni, karani wa daraja la mwisho, amehamishiwa huku kwa miaka miwili tu. Alishuka kwenye treni na sanduku la bati, mwavuli, na imani kwamba Kigoma ni adhabu. Siku ya kwanza alipoandaliwa maharage yaliyoungwa kwa mawese, aliuliza ni nani amemwagia chakula rangi ya mlango. Mwaka uliofuata alikuwa anaagiza dumu zima. Ile miaka miwili yake haijaisha mpaka leo.

Meza yake aliiweka dirishani, uso kwa uso na ziwa. Boti ikitokea Kagunga, kule mpakani, imejaa watu, yeye huiona kabla ya askari. Kila anayeshuka humuuliza kwanza amemwacha nani nyuma, ndipo amuulize jina. Kiha alijifunza kwa kugombana na wauza dagaa, Kirundi kwa kuwasikiliza waliokimbia. Ndiyo maana Kiha chake kina ukali na Kirundi chake kina upole. Sisi Waha tumelalamika sana, haikusaidia.

Oktoba 1997 tuliletewa kompyuta. Ilikuja na fundi kijana kutoka Dar es Salaam, Isaka, mwenye soksi nyeupe, ambazo hapa ufukweni zilidumu siku moja. Alitueleza kwamba ndani ya mashine kuna mfumo mpya, ule unaoiamsha na kuitawala, ambao watengenezaji wa ng'ambo bado hawajaumaliza. Lilikuwa toleo la majaribio. Yeye aliliita beta. Sisi tungelitumia bure, na kazi yetu ingekuwa kuandika kila kasoro tutakayoiona. Tena makao makuu wameagiza makaratasi yakome, majina yote yaingie humo, na kadi za chakula zitoke humo peke yake.

Kumwambia Mama Aikande aandike kasoro ni kumwambia bata aingie majini. Kufikia Desemba alikuwa amejaza fomu mia mbili na kumi na nne. Ya kumi na moja inasema mashine huamka bila kusalimia. Ya ishirini inasema kila akitaka kufuta kitu inamuuliza kama ana uhakika, na yeye ana miaka hamsini na mitatu, haulizwi hivyo hata na mchungaji. Ya sitini na moja ni mjusi, aliyekutwa ndani amekauka. Lakini ya tisini haikuwa ya kuchekesha. Mashine ilitaka kila familia iwe na jina la ukoo, wakati kwa Warundi baba ana jina lake na mtoto lake. Kwa hiyo watu saba wa nyumba moja iliwaona kama wapita njia saba. Isaka alisema hilo si kosa la mfumo. Mama akamjibu kwamba kinachokaa ndani ya nyumba ni cha mwenye nyumba, na fomu ikaenda.

Watengenezaji walijibu kwa barua ya shukrani na fulana moja inayotosha kufunika mtumbwi. Leo nimeivaa mimi. Mkiniona msiulize.

Sasa, beta ile ilikuwa na siri moja, na Isaka alituambia mapema. Ikifika tarehe 31 Desemba itajifunga yenyewe, haifunguki tena, na kabla ya hapo toleo kamili lingekuwa limeshafika kwa treni. Mpango mzuri, ila haukumjua mungu wa mvua. Mwaka ule mvua zilishuka kama zimetumwa, reli ikasombwa huko katikati ya nchi, na toleo letu kamili likalala ndani ya behewa mahali ambapo hata vyura walikuwa wamehama. Isaka mwenyewe alikuwa likizo Dar es Salaam.

Asubuhi ya tarehe 31 boti mbili zilikuwa zinakuja. Ndani ya mashine mlikuwa na majina elfu nane, nje kulikuwa na watu waliolala na njaa, na bila kadi ghala halitoi hata punje ya mahindi. Mama alimtafuta Isaka kwa simu ya upepo. Sauti ilikuwa inakuja na kuzama, lakini tuliokota maneno machache: mashine huijua tarehe kwa kutazama saa yake ya ndani tu, basi.

Mama alilitazama ziwa. Kisha akaiwasha mashine, na kabla haijajikumbuka akairudisha saa yake ya ndani siku moja nyuma, tarehe 30. Ikafunguka kama kawaida. Boti mbili zikaandikwa, kadi zikatoka, watu wakala.

Mtu mwingine angeirudisha mwaka mzima akapumzika. Si yeye. Mama Aikande ni Msabato wa kuzaliwa, na alishauriana na nafsi yake akaona uongo wa siku moja unasameheka, wa mwaka mzima una moto. Kwa hiyo kila asubuhi alidanganya siku moja tu. Asichokipigia hesabu ni kwamba ule uongo wa siku moja ulikuwa unazidi kunenepa. Nchi nzima ikaingia mwaka 1998, sisi tukabaki tarehe 30 Desemba. Nilikuwa nakuja kazini kila siku kumtakia heri ya mwaka mpya, naye kila siku ananifukuza kwa ufagio wangu mwenyewe.

Hilo liliendelea siku arobaini na tatu. Zilipobaki tano kutimia, ikiwa Februari, akashuka kwenye ndege mkaguzi kutoka makao makuu, Bwana Eliakimu, mtu mwembamba mwenye begi nene. Alichapa orodha na kuisoma mara mbili. Kwa mujibu wa mashine, tarehe 30 Desemba waliteremka Kibirizi watu elfu mbili mia tatu na kumi na sita, na siku hiyohiyo walizaliwa watoto sitini na mmoja. Alikunja orodha polepole, akasema hao ni watu hewa. Aliamuru kadi zote za tarehe 30 zifutwe kabla ya mgao wa Jumatatu, na karani aandike barua ya kujieleza.

Hapo ndipo Mama alipotoa kosa lake la pili. Chini ya kapu la vitunguu alikuwa na daftari kubwa la jalada jeusi, kinyume cha amri ya makaratasi. Kila boti imo: tarehe ya kweli, jina la nahodha, wamepanda wangapi, nani amemwacha nani nyuma. Pembeni ya kila boti kuna alama ndogo, duara jeusi au duara tupu. Jeusi maana yake taa za wavuvi wa dagaa zilikuwa ziwani. Tupu maana yake mbalamwezi imeingia, dagaa hawafuati taa, wavuvi wako nyumbani wanashona nyavu.

Mkaguzi hakuvutiwa. Alisema daftari linaweza kuandikwa jana. Mama hakubishana. Alimwomba achague boti yoyote, asimwonyeshe mtu daftari, waende wamuulize Melania.

Melania huanika dagaa hapo mchangani, na hajui kusoma hata jina lake, ila siku za taa anazijua, maana ndizo siku za kazi yake. Mkaguzi akauliza boti ya nahodha Anatoli, ile iliyokuja na mbuzi watatu, ilifika lini. Melania alimtazama kama mtu anayemuuliza mama yake mzazi alijifungua lini. Akahesabu kwa vidole vyenye magamba: mwezi wa kwanza, siku ya tatu tangu taa zizimwe, maana mmoja wa wale mbuzi alimlia kanga yake. Daftari lilisema tarehe 14 Januari, duara tupu, mbuzi watatu, na kwa wino mwekundu: kanga ya Melania. Mkaguzi aliuliza boti ya pili, ya tatu, mpaka ya tisa. Zote zilikaa mahali pake.

Akarudi ofisini akasimama mbele ya ile meza. Alimuuliza Mama, kwa sauti ya chini sasa, kwa nini aliamua kuweka daftari wakati alipewa mashine.

“Bwana Mkaguzi,” alisema Mama, “mashine haina dirisha. Mimi ninalo.”

Hakuna kadi iliyofutwa. Jumatatu watu elfu mbili mia tatu na kumi na sita walipata mahindi yao, na barua ya kujieleza haikuandikwa. Tarehe zote zilisahihishwa kutoka kwenye daftari, isipokuwa ya mtoto mmoja. Mama yake alikataa katakata, akisema siku ya kuzaliwa ikishatolewa na serikali hairudishwi.

Na katika kufungasha, Bwana Eliakimu alifungua lile begi nene, akakuta bahasha aliyopewa atukabidhi siku ile aliyofika. Ndani yake mlikuwa na toleo kamili, nakala nyingine ya lile lililolala behewani. Kwa siku tano alikuwa ametukagua huku ameyakalia maji tuliyokuwa tunayafia kiu. Mama aliomba fomu. Hiyo ndiyo kasoro ya mia mbili na kumi na tano.

Tunakushukuru, Mama Aikande, kwa majina yote uliyoyaandika, na kwa kuuliza kwanza nani amebaki nyuma. Umetufundisha kazi, umetufundisha na ubishi. Mawese tumekufundisha sisi, usisahau ukifika Upareni.

Shughuli hii tumeiweka leo tarehe 30 Desemba kwa heshima ya siku ambayo mwaka ule tuliiishi mara arobaini na nne. Nakiri kwamba asubuhi nilikuja mapema na kumwomba airudishe mashine nyuma siku moja, na kesho siku moja, na kesho kutwa siku moja, uongo mdogomdogo tu, ili asituache. Alichungulia dirishani. Akasema boti inakuja, akachukua kalamu.

Nenda salama, Mama, na kila kukicha kwako kuwe na tarehe mpya. Meza tumeiacha palepale dirishani.

Mzee Leonardi, mhudumu wa ofisi