Kiti Katikati ya Shamba

Mwi aseo nyinyi nyote? Mimi niko mzima, namshukuru Mungu. Mnisamehe nikiongea nikiwa nimesimama, kwa sababu nikikaa sana mgongo unaanza kulalamika, na mgongo wangu ni kama mama mkwe, ukilalamika lazima usikizwe. Usicheke, mwaitu, wewe mama mkwe wangu, nakuja kwako sasa hivi.

Wageni wetu wa Tawa hawanijui. Mimi ni mzaliwa wa Kabati, nikaolewa hapa Mbumbuni nikiwa msichana, na tangu siku hiyo niko kwa mwethya huu, kikundi chetu cha kusaidiana kazi. Kwetu hapa tunalimiana mashamba kwa zamu, na mwenye shamba ndiye anashika mstari wa kwanza na jembe lake. Hakuna mtu alituandikia hiyo sheria, lakini mwenye shamba akikaa nyumbani wenzake wakilima, hata mbuzi wake wanamwangalia vibaya.

Sasa, nilianguka nikitoka mtoni. Nilikuwa nimebeba mtungi wa maji mgongoni kwa mukwa, kile kikamba tunachopitisha kwenye paji la uso, nikateleza ukingoni na mtungi ukanifuata. Nikafanyiwa upasuaji wa mgongo. Mfupa ukapona, lakini mguu wa kushoto ukabaki unawaka moto. Mchana unawaka, usiku unawaka, shuka ikiugusa nataka kupiga nduru. Nilimeza dawa za kila rangi. Mwishowe daktari mmoja wa Nairobi akaniambia kuna kifaa. Wanapitisha waya mwembamba kando ya uti wa mgongo, halafu betri ndogo wanaizika chini ya ngozi, hapa juu ya makalio. Kinatuma umeme kidogo kidogo unaovuruga yale maumivu kabla hayajafika kichwani.

Kwanza walinijaribu na waya wa muda, betri ikiwa nje. Ndugu zangu, nawaambia, ule moto ulitulia! Nilitembea mpaka kwa geti la hospitali na kurudi, mzee wangu akinifuata na sweta kama mimi ni mtoto aliyepotea sokoni. Nikasema basi, wakiniwekea kile chenyewe nitatoka hapo nikikimbia.

Hapo ndipo nilijidanganya. Hakuna mtu aliniambia uongo, hapana, daktari alieleza kila kitu, lakini mimi masikio yalisikia ile sehemu tamu peke yake. Baada ya upasuaji wenyewe nilikuwa na vidonda viwili, kimoja katikati ya mgongo na kingine pale kwa betri. Kukohoa ni kazi, kucheka ni kazi, kushuka kitandani ni safari. Na masharti sasa! Usiiname, usijipinde, usiinue mikono juu ya kichwa, usibebe kitu kizito kuliko sufuria ndogo ya uji. Nesi alisema ule waya bado haujashikwa na nyama, nikicheza nao utahama, na ukihama labda turudi tena kwa kisu.

Nesi huyo Mungu ambariki. Alinifunza kumeza dawa kwa saa yake bila kungoja mpaka maumivu yanipande. Alinifunza kupumua kutoka tumboni, pole pole, na kutembea kidogo mara nyingi. Akanifunza kugeuka kitandani kama gogo, mabega na kiuno pamoja. Mzee wangu akaishika hiyo kabisa. Kila akija kunigeuza anauliza, "Gogo liko tayari?" Nami nikitaka kucheka nauma mto kwa sababu ya vidonda. Huyu mwanaume alikuwa hajawahi kupika hata chai. Alinipikia muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, ukatoka mgumu kama mawe, nikaumaliza wote. Nampenda, na leo nasema mbele ya watu, hata kama anaangalia chini.

Mama mkwe naye akaja na karai ya maji moto na majani yake, ati anikande mgongo. Si mnajua kwetu mtu akiumwa anakandwa? Mzee akasimama mlangoni. "Mwaitu, hapana, ndani kuna waya."

"Waya? Kwani wamemgeuza redio?"

"Kuna waya na betri, mwaitu."

Akaweka karai chini. Halafu akaniambia, "Basi leta miguu. Miguu haina waya." Akanikanda nyayo kila jioni, na akawa ananiombea akikanda. Sijawahi kupendwa namna hiyo na mtu ambaye hakunizaa.

Lakini hata ukipendwa bado unaumwa. Ilifika mahali nikakata tamaa. Kifaa kilikuwa kimewashwa kwa nguvu ndogo sana, kidonda kinauma, mguu unachoma, na mvua ikanyesha. Ndengu zikamea, na magugu nayo yakamea. Na zamu ilikuwa yetu.

Nyinyi mlikuja asubuhi na mapema, na majembe na mitungi ya maji ili mimi nisikose maji nyumbani. Nilikuwa kitandani nikawasikia mkiongea nje, na moyo ukaniambia: ukilala humu leo, umetoka kwa mwethya. Wewe sasa ni mtu wa kulimiwa. Nikajivuta nikatoka, nikachukua jembe nyuma ya nyumba, nikaenda nikasimama mstari wa kwanza. Mwenyekiti wetu akaita, "Wewe! Rudisha hilo jembe!" Lakini mimi nilikuwa tayari nimeinama.

Niliinama mara moja tu. Nilisikia kitu kimenivuta mgongoni na ule moto ukashuka mpaka kwa kidole. Nikaachilia jembe nikapiga magoti kwa ndengu zangu. Mliniona nikilia, mkafikiri ni maumivu. Yalikuwako, lakini nililia kwa sababu nilidhani waya umehama, na tena hata kulima sijalima. Nimekosa yote mawili.

Mwenyekiti hakunigombeza. Aliniinua kwa makwapa na mwenzake, pole pole, gogo likainuka. Mzee akamtafuta nesi kwa simu. Nesi akasema nipumzike, nisiiname tena kabisa, na kesho yake niende nikapigwe picha. Mwenyekiti akauliza, "Anaweza kuketi?" Anaweza. "Anaweza kuimba?" Nesi akacheka, akasema kuimba ni kupumua, wacha aimbe.

Hapo mzee wangu akaingia ndani akatoka na kiti chake. Wageni, kile kiti hata watoto wetu hawakikalii. Ni cha mwenye boma. Akakileta mpaka shambani akakiweka mbele ya majembe yote, akaniwekea mto nyuma. Mwenyekiti akawaambia, "Mwenye shamba yuko mstari wa kwanza. Leo yeye ndiye ngui, mwenye kutuongoza kuimba. Hakuna jembe litashuka kabla hajaanza wimbo."

Nikaanza. Sauti ilitoka kama ya kifaranga. Mkaitikia. Nikavuta pumzi kutoka tumboni kama nilivyofunzwa, nikaimba tena, mkaitikia mkilima. Mstari ukisonga mbele, wawili wenu mnanisaidia kusimama, mnabeba kiti mnakisongesha, naketi tena, tunaendelea. Shamba lote! Maumivu hayakuisha, sitawadanganya. Lakini kwa mara ya kwanza tangu hospitali hayakuwa yananiongoza, nilikuwa nayo tu, kama mtu anayelima kando yangu.

Picha ilionyesha waya haujahama. Walirekebisha kifaa, vidonda vikafunga, na mguu ukapoa kwa kiasi. Haujapona wote. Siku za baridi unanikumbusha. Mkiniona nimetia mkono mfukoni, kuna rimoti humo, naongeza kidogo. Mtungi siubebi tena, punda anabeba. Na magugu nayang'oa nikiwa nimekaa kwa kigoda.

Namshukuru Mungu, na daktari, na yule nesi. Asante mwaitu kwa miguu yangu. Asante mzee wangu, hata kwa muthokoi. Na nyinyi akina mama, mlinichangia mpaka nikafika kwa kisu, lakini mimi nawashukuru zaidi kwa kile kiti. Ninachowaomba ni kimoja: mtu akishindwa kushika jembe, msimwambie apumzike nyumbani. Pale nyumbani ndipo maumivu yanamkuta peke yake.

Kuna mwenzetu ambaye siku hizi haji. Simtaji. Magoti yamemshinda, anaona aibu, na kesho zamu ni yake. Kile kiti mzee amekubali kitoke bomani, kiko hapo mlangoni. Kesho asubuhi tunampelekea. Ningekibeba mwenyewe, lakini mnajua siruhusiwi. Nani anakishika upande wa kulia?